Visiwa vya Tantine

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja katikati ya mji wa Durban, juu ya duka la simu. Miongoni mwa wateja wangu alikuwemo mama mmoja Mkongomani mwenzangu, muuguzi aliyekuwa amestaafu karibuni. Sote tulimwita Tantine, yaani shangazi, kwa heshima. Yeye alikuwa ameshapata pasipoti ya Afrika Kusini. Sisi wengine tulikuwa bado na karatasi za ukimbizi.

Jumamosi moja, kabla sijashika kitana, alikunjua ramani juu ya magoti yake.

"Mtoto wangu, nataka kwenda kutembea kwa visiwa vya Mediterane. Unisaidie kuchagua."

Nilicheka. Watu niliowajua walisafiri kwenda kuzika, kuoa au kukimbia vita. Kuzunguka kisiwa hadi kisiwa, basi tu, ni mambo niliyoyaona kwenye televisheni. Lakini nilipoinama juu ya bega lake nikasoma majina, kicheko kilikatika. Rodo. Patmo. Krete. Kipro. Nimeyasikia kanisani tangu utoto wangu, wala sikuwahi kudhani ni mahali penye mabasi na soko la samaki.

"Kumbe bado viko?"

"Viko, na meli iko pia. Unalala kisiwa hiki, unaamka unaenda kile."

Tangu siku hiyo kila alipokuja tulisafiri. Mimi nilisuka, yeye alisoma: wapi kuna ufuo wa mawe, wapi wanapaka milango rangi ya buluu, wapi mkate unaokwa na ufuta. Chini, kwenye robot, zile taa za barabarani, taksi zilipiga honi, nami nilisikia meli zikiaga bandari. Mara nyingine vidole vyangu viliendelea na kazi vyenyewe, mimi nikiwa napanda ngazi nyeupe nisizozijua, jua likinipiga kisogoni, na nikishtuka naona kichwa kimekwisha.

Jumapili moja baada ya ibada alinichukua hadi Bluff, kilima kilicho juu ya bandari, tutazame meli zikitoka. Tujizoeze, alisema. Tulikaa kwenye nyasi na chupa ya chai. Meli ndefu ilipita chini yetu polepole kama mtu anayeota, naye Tantine akaifuata kwa macho.

"Mimi nimevuka maji mara moja tu," akasema. "Ziwa Tanganyika. Tulifunikwa turubai, mtoto wangu mgongoni, hakuna kukohoa. Hata maji yenyewe sikuyaona. Sasa nataka kuvuka mchana. Nikae juu, nikunywe kahawa, niangalie."

Sikumcheka tena. Yeye alitaka visiwa vitano. Nikamwambia vitatu vinatosha.

"Tantine, ukikimbia-kimbia na huko pia, utakuwa umepumzika nini?"

Akafikiri, akakubali. Kisha akanigeukia. "Twende wote."

"Eish, Tantine. Karatasi yangu haivuki mpaka."

Alijua. Alikuwa nayo mwenyewe miaka mingi. Akanishika mkono, akautuliza juu ya goti lake. "Basi nitakuangalilia," akasema.

Visa ilitoka. Nilimsuka misuko midogo-midogo, ya kudumu, akaondoka mwezi wa tisa, majira ya joto yakiwa yanaishia kule.

Simu yake ya kwanza ilinikuta katikati ya kichwa cha mteja. Niliiweka kwenye spika.

"Niko juu ya meli," akasema. "Mchana kabisa. Maji yako pande zote. Ngoja, sikieni."

Tulisikia upepo, na chini yake mngurumo wa injini, na watoto wakiitana kwa lugha ngeni. Kila mtu saluni aliacha alichokuwa akifanya. Mteja wangu alifumba macho. Tulisikiliza hivyo mpaka salio la Tantine likaisha.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kufumuliwa nywele. Alikuwa mweusi zaidi, na mwenye kunenepa mashavuni. Nilikuwa na maswali mengi, lakini aliegemea kiti, akaanza kunieleza habari za Patmo, na katikati ya sentensi usingizi ukamchukua. Nikafumua msuko wa kwanza karibu na sikio. Mchanga ukadondoka kwenye aproni yangu, laini, wa rangi ya asali. Nikapunguza mwendo wa vidole, nisimwamshe.