Shairi Lenye Nafasi ya Jina

Nikisikia shairi la mazishi lenye ua ndani yake, naondoka kabla halijaisha. Nasema hivyo nikijua kwamba mengi ya maua hayo niliyaandika mwenyewe.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mukuyuni, na kwa kuwa nilijua kuhesabu mizani, watu wa kanisa waliniona mtu wa maana. Mtu akifariki, kamati ya mazishi ilikuja kwangu moja kwa moja. Mwishowe nikachoka kutunga. Nikaandika shairi moja la kuwatosha wote, nikaacha nafasi ya jina, nikalichapa kwa stensili pale shuleni na kuweka rundo zima kabatini. Mzee mwenye ng'ombe wengi, mtoto aliyeuawa na surua, mlevi aliyegongwa na lori Emali, wote walipata lile lile:

Ua zuri la bustani, Mola amelichukua,
Amelala kwa amani, maumivu hakujua.

Wanafunzi wa darasa la sita walilikariri wakiwa wamesimama mstari mmoja, mikono nyuma. Watu walilia kwa utaratibu, wakanawa mikono, wakaenda kula. Nami nilizunguka kati yao nikipokea pongezi juu ya maiti ya mtu. Kinyaa gani hicho.

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye pekee aliyenikunjia uso. Usichanani mwake alikuwa ngui, yule mtunzi anayeongoza wenzake kuimba ngomani, kabla hajaokoka na kuambiwa ngoma ni za shetani. Siku moja alikuwa akipepeta ndengu, akaniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, wewe kifo unakibembeleza kama mgeni wa serikali. Sisi tulikuwa tunakitukana." Nilicheka. Nilimwona mama mshamba tu.

Kisha dada yangu mdogo akashikwa na uchungu wa kuzaa, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa shemasi. Alikuwa na maksai wawili wazuri na mkokoteni, na kutoka kwake hadi barabara kuu ya Emali, kwenye magari ya kwenda hospitali, ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini wenzake wa maombi walisema safari ni kukosa imani. Wakaimba, wakafunga, wakaimba tena. Nilifika siku ya pili asubuhi. Dada alikuwa akipiga kelele hadi sauti imekauka, na aliponiona mlangoni aliniambia, "Kaka, nipelekeni." Nami, mtu niliyesoma, niliogopa kumwaibisha shemasi mbele ya watu wake. Nilipiga magoti pamoja nao. Adhuhuri mtoto alitoka hai, msichana, na mama yake akafa muda mfupi baadaye.

Siku ya mazishi nilikaa mbele na jamaa. Mwenyekiti wa kamati aliniinamia kwa upole akasema, "Hatukutaka kukusumbua mwalimu, una msiba. Tumelichukua kabatini." Wanafunzi wangu wakajipanga mstari. Wakalisoma, jina la dada yangu likiwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu pale penye nafasi. Walipofika kwenye "maumivu hakujua", shemasi alifumba macho na kutikisa kichwa kwa kuridhika. 

Hapo shangazi akasimama. Hakuomba nafasi. Aliimba kwa Kikamba, sauti ya ngui ambayo hakuwa ameitoa miaka mingi, na maneno yake kwa Kiswahili ni haya:

Kifo, mchafu wewe, njia ya hapa hukuijua.
Ulishikwa mkono ukaingizwa ndani.
Siku mbili mwanangu analia,
na maksai wanatafuna majani zizini.

Watu waliinamisha vichwa. Mchungaji alikohoa. Shemasi alinitazama mimi, na kamati nzima ikanitazama mimi, kwa sababu yule alikuwa shangazi yangu. Niliinuka nikamshika mkono. "Shangazi, keti," nilisema. "Usituaibishe." Aliketi. Hakunipa mkono tena mpaka akafa.

Nililichoma lile rundo, lakini nilichelewa. Shairi liliendelea kunakiliwa kwa mkono, na hadi leo nalisikia makaburini.

Miaka ya tisini, yule msichana, mpwa wangu, alikuja kunitembelea. Alikuwa ameolewa katika kanisa lile lile la baba yake, na alikuwa na mimba kubwa. Alitoa Biblia kwenye mfuko, na ndani ya Biblia akatoa karatasi ya stensili iliyokunjwa mpaka ikachanika. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha mama yake. Alinisomea kwa kichwa, hakuitazama.

"Mjomba, watu husema kuzaa kunatisha," alisema. "Mimi siogopi. Mama hakusikia maumivu, Mungu alimchukua tu polepole. Mume wangu amesema tutaomba nyumbani."

Nililitazama tumbo lile. Niliona magoti yangu mwenyewe sakafuni kwa shemasi, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote. Nikamwambia karatasi hiyo nilimwandikia kila mtu, hata mlevi wa Emali. Nikamwambia habari za siku mbili, na maneno ambayo mama yake aliniambia mlangoni. Kisha nikaimba wimbo wa shangazi, wote, kwa Kikamba, kwa sauti yangu mbaya isiyojua ngoma.

Aliikunja karatasi, akairudisha kwenye Biblia, akafuta uso kwa upindo wa leso. Kisha akaniuliza gari la kwanza la kwenda Emali hupita saa ngapi.