Mashine Isiyoshikwa na Homa

Fundi wa mashine za gemu hupima joto kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempapasa mwanawe paji la uso. "Hii ina homa," husema, kisha hupuliza vumbi, hufuta dawa ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, ubongo wa mashine, na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Mikono ikiwa kazini, mdomo hauna breki: toleo lijalo la mashine, ambalo hata picha yake haijatoka, itawekwa prosesa gani? Mkewe, anayeshona nguo upande wa pili wa duka, ameisikia ikinenepa tu. Jumatatu prosesa yake ilikuwa na viini vinane, Alhamisi kumi na sita, na bado haijazaliwa.

Leo fundi kaja na jipya. "Nakwambia, mama watoto, safari hii haitapata joto kabisa. Baridi kama maji ya mtungi!"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Isipopata joto, baba watoto, wewe utatengeneza nini?"

Bisibisi ikasimama hewani. Fundi akaitazama mashine iliyofunuliwa mbele yake, akairudishia mgongo wa kiganja, taratibu.

"Kwani nani huomba mtoto ashikwe na homa," akasema, "eti apate kumpapasa?"