Matawi ya Tharsisi

Adija mke wa Dadi ndiye aliyeleta habari kwamba mzee Tharsisi ameanza uchawi. Alimkuta Irakoze uani anamenya mihogo, mtoto mgongoni, akavuta kigoda bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa ametoka shambani kwake, kule juu. Kutoka huko, alisema, alimwona mzee ng'ambo ya mto akiburuta matawi mabichi kutoka barabarani kwenda nyumbani kwake, mvua inamnyeshea, wala hajali.

"Anapika dawa, shoga yangu. Anataka kile kidude cha Ridhiwani kipotee njia, kimpeleke na gari lake mpaka Kongo."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akasema yeye hana ugomvi na uchawi huo, ila tu usianze leo. Dadi alikuwa Kibondo kufuata mzigo wa duka, na Ridhiwani, dereva wa gari la misaada, mtu wa pwani mwenzake, alimwahidi lifti ya kurudi jioni hii. Watu wa pwani hawatupani.

Irakoze hakucheka. Adija alikuwa ameolewa Makere mwaka ule ule wa mvua za El Nino, bado mgeni, hakujua matawi yale ni ya nini. Irakoze alijua. Tawi bichi barabarani maana yake mbele kuna hatari, na mwenye kuliondoa kabla hatari haijaisha hana dawa anayopika. Ana mtu anayemngoja.

Angeweza kumwambia Adija pale pale. Lakini aliwaona kichwani mwake vijana na fimbo wakimzunguka mzee wa watu, akaacha. Alifunika mihogo, akakaza khanga ya mtoto, akashuka mtoni.

Ujanani Tharsisi alikuwa kibarua wa barabara, mtu wa sururu na toroli. Vibarua walipopunguzwa, wenzake walirudi kulima. Yeye alijenga ng'ambo, karibu na daraja la magogo, akalima huko huko, na lile daraja akaendelea kulilea kama ng'ombe wake. Gogo likilegea alikata matawi. Fungu dogo aliliweka mbali, pale dereva anapoanza kuushika mteremko. La pili, kubwa zaidi, chini yake. La mwisho lilikinga njia kabisa. Lazima yawe mabichi, alikuwa akisema, makavu dereva atadhani ni ya juma lililopita. Madereva wa malori ya maharage walisimama, wakamrushia kipande cha sabuni, wakamtania kwamba ndiye trafiki pekee Kasulu nzima asiyekula rushwa.

Mkewe, Theodosia, alikuwa akimsaidia kutandika. Huyo Theodosia ndiye aliyempokea Felisiani, mtoto wa Irakoze, siku uchungu ulipomshika mama yake kwenye matuta ya maharage. Alimfuta mtoto kwa kitambaa chake cha kichwani, akasema huyu amekuja na jembe mkononi.

Kisha wakimbizi wakaja kwa maelfu, na nyuma yao magari meupe ya misaada. Ridhiwani aliendesha moja. Mbele ya usukani alikuwa amefunga kwa mpira kidude cha kijivu, kama redio ya mfukoni, chenye kioo kidogo na mshale. Siku ya soko aliwaonyesha watu. Kinaongea na satelaiti, aliwaambia. Mimi sihitaji kuuliza njia kwa mtu, hata ukungu ukifunga. Watoto walipigana vikumbo wakione. Tharsisi naye alichungulia, akauliza kama kinajua daraja.

"Mzee, hiki kinajua Kibondo iko wapi. Daraja ni kitu gani?"

Na kweli, mshale ulinyooka kama ndege anavyoruka, mito na mabonde haukuyajua. Isitoshe, ukiingia kwenye miti mikubwa ulipotea, na dereva akabaki anakitazama mpaka urudi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana masika. Gogo moja lilikuwa limeoza. Fungu la kwanza lilikuwa limeshatandikwa, na Theodosia alikuwa ameinama akipanga la pili. Ridhiwani alilipita la kwanza macho yakiwa kwenye kioo, kwa sababu mshale ulikuwa umepotea chini ya miti. Alipoinua macho, alikuwa amemfikia.

Alisema matawi alidhani yameangushwa na upepo. Shirika lilileta unga na blanketi. Ilisemwa kwamba amehamishwa, na kabla mahindi hayajakomaa alikuwa amerudi, na kidude kipya, kikubwa kuliko kile. Tena kila akivuka daraja alipiga honi, pii pii, kumsalimia mzee. Irakoze aliisikia honi hiyo hadi jikoni. Zipo siku alizomwombea Ridhiwani mabaya huku akimnyonyesha mtoto, halafu akaogopa maziwa yake.

Sasa daraja lilikuwa limekwenda na maji. Lilibaki gogo moja, na maji mekundu yakinguruma chini yake. Irakoze alivua viatu akalivuka, mkono mmoja nyuma kumshika mtoto. Barabarani hapakuwa na jani. Matope yalionyesha mahali matawi yalipoburutwa.

Tharsisi alikuwa amekaa barazani kwake, panga magotini, lile rundo la matawi pembeni.

"Mwiriwe, mzee."

"Mwiriwe, mama Felisiani. Rudi nyumbani, mtoto ataloa."

Alimwuliza nani alitandika matawi yale. Mzee akasema ni wapita njia wa asubuhi, wenye baiskeli, na yeye ameyatoa. Wenye baiskeli wanaona shimo, malori leo hayapiti kwa matope. Atakayekuja mbio ni mmoja. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupanda mihogo.

"Si alisema hana haja ya kuuliza njia kwa mtu?" alisema mzee. "Basi kimwambie hicho chake."

Irakoze alitazama mahali Theodosia alipoangukia, chini ya ukingo, majani yameota. Moyo wake ulimwambia aketi. Aketi tu barazani, amnyonyeshe mtoto, jioni ifike. Hakuna atakayemwuliza. Na alitaka kuiona ile sura ya Ridhiwani inapogundua. Alikaa. Alikaa kitambo, na mzee hakumfukuza tena.

Felisiani akaamka mgongoni, akaanza kulia. Alipomshusha, Irakoze aliona vidole vya mtoto vimekunjamana kwa mvua, ndipo akasema kile alichokuja nacho.

"Dadi yumo garini, mzee. Amepewa lifti."

Tharsisi hakugeuka. "Dadi yupi?"

"Mwenye duka."

Dadi ndiye aliyeshuka na shuka nyeupe siku Theodosia alipogongwa, kabla hata hawajamtafuta, akamsaidia mzee kumfunika mkewe, akakataa kulipwa. Msiba mzima alikuja kukaa kimya mkekani, Mwislamu katikati ya watu wa rozari.

Mzee alilipindua panga, akalipindua tena. "Angepanda lori," alisema.

"Malori hayapiti kwa matope. Wewe mwenyewe umesema."

Mbali, ng'ambo ya kilima cha upande wa Kibondo, injini ilianza kusikika. Wote wawili waliijua. Tharsisi alisimama, akashika tawi la juu kwenye rundo, akaliinua. Kisha akaliacha likaanguka. Akaketi tena, akainyoosha mikono yake kumwelekea Irakoze.

"Nipe mtoto nimshike, mwana wanje, mwanangu, halafu ukayatandike wewe. La kwanza liweke mbali, alione. Nikiyaweka mimi, nitakuwa nimemsamehe."