Mashavu ya Ulaya

Nilipofika Ubelgiji kusoma, wazungu wote kwangu walikuwa mtu mmoja. Siku moja nilimsalimia muuza mikate kwa heshima zote nikidhani ni profesa wangu, naye kwa heshima ileile akaniuliza nataka mikate mingapi. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba ukitaka kumjua mtu usihangaike na rangi wala pua. Tazama uso wake unavyofanya kazi. Huyu hucheka kwa jicho moja, yule humeza mate kabla ya kusema. Nikajiona fundi. Sikujua kwamba elimu niliyoondoka nayo mjini kwetu Bunia ilikuwa inanitoka kidogo kidogo, ile ambayo kila mtu kwetu alidai anayo: kumtazama mtu pua na urefu, kisha kutaja kabila lake.

Niliporudi, elimu hiyo ndiyo iliyokuwa inaua watu.

Nilirudi katikati ya vita kwa sababu mama yetu alikuwa amekufa na mimi sikumzika. Uani niliwakuta wanawake wawili, kila mmoja na cherehani yake. Mmoja aliinua kichwa, pini zimemjaa mdomoni, akanikaribisha kwa pembe ya kushoto ya mdomo. Ulikuwa mdomo wa mama yangu kabisa. Nikamkumbatia, nikamlilia shingoni, nikamwita dada yangu.

"Yaya," sauti ikaniita kaka mkubwa kutoka kwenye cherehani ya pili, "ukimaliza kulia pale, dada yako iko hapa."

Dada yangu nilimwacha msichana mnene. Vita ilikuwa imemkausha. Niliyemlilia alikuwa jirani. Mama aliwafundisha wote wawili kushona, na wote wakazoea kuongea kwa pembe moja ya mdomo, kwa kuwa ile nyingine ilikuwa ya pini. Sasa jirani huyo alikuwa amejificha kwetu, maana watu wa kabila lake na wa kabila letu walikuwa wanauana. Mume na watoto wake walikuwa wametangulia kukimbilia kambi iliyo kando ya uwanja wa ndege, chini ya ulinzi wa askari wa kigeni. Kati yetu na kambi kulikuwa na bariere, kizuizi cha barabarani cha wapiganaji wa kwetu. Wakimtambua, hafiki kwa watoto wake.

Dada aliacha kukanyaga cherehani. "Kama mutoto wa mama moja amekosea, na wale watakosea. Kesho tunaenda, siye watatu."

"Wakiniuliza nitasema nini?" nikauliza.

"Weye usiseme kitu. Kuja tu na hiyo mashavu yako ya Ulaya."

Kweli, viazi vya Ubelgiji vilikuwa vimenijaza uso, ukawa mviringo kama wa jirani. Kwa mara ya kwanza masomo yangu yalikuwa na faida kwa ukoo.

Asubuhi tulitoka tumevaa kitenge kimoja, kile ambacho ukoo mzima ulikishonea matanga ya mama. Kwenye bariere, mkubwa wao, mwanaume wa makamo mwenye miwani ya jua, alitusimamisha.

"Munaenda wapi?"

"Tunasindikiza yaya wetu ku ndege," dada akasema. "Anarudia Ulaya."

Akavua miwani. "Miye, sura ya muntu hainidanganyake." Akanitazama mimi, akamtazama jirani, akaridhika. "Ninyi wawili, sawa. Mashavu ni moja. Mama yenu alijua kupika." Kisha kidole kikamwelekea dada. "Lakini huyu mukavu? Huyu si wa kwenu. Huyu ni wa kule!"

Kucha za jirani zikanizama mkononi. Kama mkubwa huyo angemgeukia yeye na kumtaka aseme neno moja tu la lugha yetu, mambo yangekuwa yamekwisha.

Dada hakumpa nafasi. Alishika kiuno akamjibu kwa lugha ya babu zetu bila kupumua: kwamba hajui kama mkubwa huyo alizaliwa na mama yake au aliokotwa sokoni, kwamba yeye mwenyewe alikonda akimuuguza mzazi wakati wengine wananenepea barabarani, na kwamba ukoo wa mtu haupimwi kama nyanya. Wapiganaji wengine, waliosikia lugha hiyo tangu kuzaliwa, walicheka hadi wakashika matumbo.

"Basi, mama, basi!" Mkubwa akainua mikono. "Ni wa kwetu, na ni wa kwetu sana. Mupite!" Akanigeukia mimi. "Papa, pole na hii dada yako."

"Nimemuzoea," nikajibu. Tangu nirudi nilikuwa nimeishi naye usiku mmoja tu.

Karibu na kambi, mtoto mdogo wa jirani alimjua mama yake kwa mwendo, uso ukiwa bado mbali, akaja mbio, na wenzake nyuma yake. Kabla ya kumpokea, jirani aliingiza vidole mdomoni akatoa pini moja.

"Niliiuma njia yote, yaya," akaniambia, "nisipige kelele." Akacheka kwa pembe ya kushoto, mtoto shingoni, na dada naye akacheka vilevile, na mimi nikamwona mama yangu mara mbili kwa siku moja.

Leo dada na jirani wana duka moja la kushona. Wateja wakiniuliza dada yangu ni yupi, namwonyesha aliye karibu.