Baba amewasamehe, mimi sijaulizwa

Admin, naomba ufiche jina langu, Makambako tunajuana.

Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Lyamkena. Nasoma shahada ya pili nje ya nchi, sasa nipo nyumbani likizo. Wakati naondoka, mama alinikabidhi kwa kaka mmoja wa Njombe anayesoma chuo hichohicho. Mama yake na mama yangu ni marafiki toka usichana. Mama akaniambia, "Huyo ni kaka yako, msikilize." Na kweli alinipokea uwanja wa ndege, akanionyesha maduka, akanisaidia kujaza fomu.

Jumapili moja mchana aliniita kwake, akasema Watanzania wenzetu wanakuja kula. Nilipofika hakukuwa na mtu mwingine. Nilimkatalia, nikalia, hakuacha. Alinibaka. Kisha akanisindikiza kituo cha basi kama vile hakuna kilichotokea, akaniambia, "Ukisema watakufutia kibali cha kuishi hapa. Wewe ni mgeni."

Nikamwamini. Nilikaa kimya miezi minne, nikaacha hata kuingia darasani, mpaka mwalimu mmoja akanipeleka ofisi ya kusaidia wanafunzi. Mama wa pale akaniambia kulalamika hakugusi kibali changu, na kwamba nilichofanyiwa ni kosa hata kama sikupiga kelele. Nikaandika maelezo. Kamati ya chuo itanisikiliza mwezi ujao nikirudi.

Nilikuja nimwambie mama uso kwa uso. Alilia sana, halafu akampigia rafiki yake. Wiki iliyopita wakaja kutoka Njombe: mama wa huyo kaka, baba yake mdogo, na mzee mmoja wa kanisa. Baba mdogo akasema, "Kijana amekosa. Tuyamalize kama ndugu, chuo tusikiingize." Baba yangu akajibu, "Tumewasamehe." Wakashikana mikono, mimi nimesimama pale na trei ya chai. Hakuna aliyenigeukia.

Wakati wanaaga, yule mama akasema kuna binti wa Ipelele amepata nafasi chuo hicho, na mwanawe ndiye atakayempokea. Alisema kwa fahari kabisa.

Nilitafuta namba ya huyo binti, nikampigia, nikamwambia ajihadhari na huyo kaka. Akaniambia, "Dada, mbona kila mtu anamsifu? Au mligombana?" Nikakata simu.

Baba anasema nikienda kwenye kamati nitakuwa nimeuaibisha usharika mzima, nisirudi kwake. Mama anasema nisamehe tu nimalize shule. Nimechoka kuhimizwa kusamehe na watu ambao hayakuwapata wao.

Ndugu zangu, hasa mliosoma ugenini, nipeni akili. Nisimame mbele ya kamati nimkose baba? Na huyu binti nimwambie nini aniamini, kabla hajapanda ndege?