Sauti Kutoka Chumba cha Pasi

Mwaka ule nilikuwa nasikiliza wanawake kumi na mmoja, na nilikuwa nimewachoka wote. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtakatifu. Kutwa nilikuwa mlinzi kwenye lango la jumba moja la maduka, nimesimama tangu asubuhi hadi magharibi, nikipekua mikoba na kuwakaribisha watu wasioniangalia usoni. Nikienda kazini na nikirudi, ndani ya basi la kampuni, nilikuwa sikio.

Sikio ndilo jina tulilojipa. Kikundi chetu kilianzia mtaa wa Al Qusais, katika sebule ya mjane mmoja wa Kizanzibari ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa ameishi Dubai tangu mtaa wake ukiwa mchanga mtupu, Kiarabu anakizungumza kama wenyewe, na gari anaendesha mwenyewe, vibaya. Tulikutana kwake Jumapili alasiri, Wakenya wengi, Watanzania kadhaa na Waganda wawili, tukanywa chai na kusema yaliyotuelemea. Hapakuwa na daktari wala mchungaji. Nesi mmoja alikuja mara tatu akatufundisha machache: usimkatize mtu, usimpe ushauri ambao hakuuomba, na usimwombee kabla hajamaliza kusema. Hilo la mwisho sisi Wakenya lilitushinda kabisa.

Kulikuwa na wengine ambao sebule ile hawakuwahi kuiona. Hao ni wasichana wa kazi wa majumba ya mtaa wa Mirdif, ambako basi ni la kutafuta na ruhusa ya kutoka ni ya kutafuta zaidi. Kupiga simu kwa mtandao hapa hakushiki, lakini ujumbe wa sauti unapita, na mtu anaweza kuunong'ona huku anakunja nguo. Basi kila mmoja wao tukampa sikio wake. Alituma sauti wakati wowote, na sisi tuliahidi kwamba siku haiishi bila jibu.

Nilianza na watatu. Wakaja wengine, na mimi sijui kukataa. Masikio wawili walirudi Kenya mkataba ulipoisha, wakaniachia watu wao. Ndipo nilipogundua kwamba simu ina mahali pa kubonyeza ili sauti iende mbio. Nilianza kwa sababu ya mama mmoja wa Kampala ambaye hawezi kukwambia ameumwa jino bila kuanza na ukoo wa jino hilo. Mwendo wa moja na nusu ukanifaa. Baada ya mwezi nikawa kwenye mbili, kwa wote. Kwa mwendo huo niliweza kuwamaliza kumi na mmoja kabla basi halijafika kazini, nimejibu kila mmoja, nimefunga kifungo cha juu cha shati. Nilijiona hodari.

Mmoja wao alikuwa dada wa Singida. Alifanya kazi katika nyumba ya familia moja huko Mirdif na alirekodi akiwa katika chumba cha pasi. Huongea taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Mimi sikujua hivyo. Kwa mwendo wa mbili alisikika mchangamfu, mwenye haraka zake, na kichwani nilishajitengenezea mwanamke mnene mcheshi asiye na shida kubwa. Nilikuwa nikimwacha wa mwisho kwa sababu hakunichosha.

Asubuhi moja nilikosa kiti. Nilishika chuma cha juu kwa mkono mmoja, begi kwa mwingine, simu mfukoni, vidubwasha vya kusikilizia masikioni. Kumbe simu ilikuwa imejisasisha usiku na kurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, nami sikuwa na mkono wa kuibonyeza. Siku hiyo sauti ya dada wa Singida ndiyo iliyotangulia.

"Dada..." Kisha kimya. Nilidhani mtandao umekata. Nikasikia pasi ikipumua mvuke, halafu yeye akipumua. "Leo... nimeamka." Kimya tena, kirefu, basi likapita taa mbili. "Madam ameniuliza, nimesema nzuri. Sijui, dada. Nimechoka kuwepo."

Maneno hayakufika thelathini, na yalichukua dakika nne.

Jirani yangu mle basini, msichana wa Kisii, alinishika bega. "Uko sawa? Kuna mtu amekufa nyumbani?"

Nilishuka, nikaenda chooni badala ya kwenda kwenye lango, nikaanza kurudi nyuma kwenye sauti zake za wiki zilizopita, kwa mwendo wake mwenyewe. Kila moja ilikuwa hivyo. Katika moja alikuwa ameuliza, "Dada, unanisikia kweli?" Chini yake palikuwa na jibu langu: Amina dada, Mungu ni mwema. Niliona aibu ambayo hata leo inanichoma nikiiandika.

Nikampigia Bi Mkubwa. Hakunilaumu, hakuwa na muda huo.

"Mpigie sasa hivi, simu ya kawaida," alisema. "Umwambie kesho saa nne tunakwenda kumtazama. Leo umkamate kwa maneno, asikae peke yake. Na kesho huyo bosi wako mwambie unaumwa, maana kweli unaumwa."

Dada wa Singida alipokea kwa mnong'ono. Nilimwuliza wazi, kama nesi alivyotufundisha, kama anafikiria kujidhuru. Akasema alikuwa akifikiria, ila si sasa, sasa ana mtoto wa madam mgongoni. Nilimwambia tunakuja kesho saa nne na kwamba nitapiga kila baada ya saa moja. Nikamwuliza, "Utakuwepo?"

Akasema, "Nitakuwepo."

Nilipiga kila saa mpaka alipolala, na alfajiri nikaanza tena. Msimamizi wangu alinikuta na simu langoni mara mbili na kuniandikia onyo. Nililitia sahihi bila kulisoma.

Kesho yake Bi Mkubwa alitufikisha Mirdif salama, jambo ambalo si la kawaida. Alikuwa amevaa abaya yake nzuri na amebeba mkate wa kumimina wa moto, umefunikwa kitambaa. Alijua anachofanya. Mama mtu mzima anayebisha mlangoni na sahani ya chakula, akisalimia kwa Kiarabu na kusema amekuja kumjulia hali binti wa dada yake, nyumba ile hairudishi mgeni kama huyo. Madam alikuwa mwanamke mdogo tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitukaribisha majlis, chumba chao cha wageni.

Aliyeleta chai ndiye huyo wangu. Alikuwa mwembamba, mrefu. Alituandalia, kisha akasimama ukutani akisubiri kama wanavyofundishwa kusubiri.

"Kaa, mwanangu," Bi Mkubwa akamwambia. Akamtazama madam. Madam akaitikia kwa kichwa, naye akaketi kwenye ncha ya kochi.

Bi Mkubwa alimweleza madam kwamba binti huyu ni mgonjwa na anahitaji daktari leo. Madam alikasirika kwanza. Alisema msichana anafanya kazi vizuri, hanung'uniki, hajawahi kusema lolote, atajuaje? Nilitaka kumkasirikia pia, ila sikuwa na uso wa kufanya hivyo. Mimi niliambiwa kila siku.

Alasiri ile madam alimpeleka hospitali mwenyewe. Alipewa dawa na siku za kurudi, na baadaye, baada ya Bi Mkubwa kupeleka mikate mingine mitatu, akapewa ruhusa ya kutoka Jumapili alasiri. Mimi nilibaki na wanawake wanne. Wale saba wengine niliwaambia ukweli, kwamba siwezi. Wawili tuliwapatia masikio wapya. Wengine waliandika "sawa dada" na sikuwasikia tena, na siwezi kusema nalala vizuri kwa ajili yao.

Jumapili yake ya kwanza pale sebuleni nilisimama mbele ya wote nikakiri. Nilisema nilikuwa nawasikiliza kwa mwendo wa mbili, yeye na wengine, na kwamba alipokuwa akizama mimi nilimwandikia Amina. Bi Mkubwa aliangalia kikombe chake.

Dada wa Singida alingoja nimalize, kama sheria inavyotaka.

"Nilijua, dada," akasema. "Natuma sauti ya dakika nne, simu inanionyesha umeifungua, na jibu linafika baada ya dakika mbili. Kila siku."

"Sasa mbona uliendelea kunitumia?"

Alichukua muda wake, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

"Nani mwingine alikuwa ananipa hata hizo dakika mbili?"