Walivyonilaza Wodini

Ni ule mwaka unga wa mahindi ulipotushinda bei mtaa wa Kangemi nzima, watu wakala miguu na vichwa vya kuku mpaka wauzaji wake wakaanza kuringa. Wenye watoto wengi walichemsha ndengu wakazila hivyo hivyo, bila kitu pembeni. Mimi nilikula viazi vitamu asubuhi na jioni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nauza sokoni, na kisichonunuliwa kinarudi na mwenyewe. Mwaka huo ndio nililazwa hospitali.

Niliingia na homa ya mapafu. Sikuingia na miguu mibaya. Naandika hilo kwanza kwa sababu kuna watu kanisani kwetu husema nilianguka, wengine husema ni kiharusi. Uongo. Siku mbili tatu kabla ya kuugua nilikuwa nimeshuka ngazi za ploti yetu, ghorofa la vyumba vya kupanga, na mzigo wa viazi mgongoni, na chumba changu kilikuwa juu kabisa, pale panapoanikwa nguo. Chumba kimoja, lakini mlango wangu na kufuli langu. Mwanangu ana nyumba ya mawe Waithaka, ina geti, na tangu baba yake afariki alikuwa akiniomba nikakae kwake. Nilikataa. Kwa mtoto mimi huenda kama mgeni, nikanywa chai nikarudi.

Kwa hiyo pale hospitalini sikuogopa kufa. Niliogopa zile ngazi. Mwanangu alishaniambia, dripu ikiwa bado mkononi, "Mama, siku utashindwa kupanda zile ngazi, hiyo maneno ya Kangemi tunaimaliza."

Sasa nieleze vile sisi hulaza mgonjwa. Kwetu magharibi mtu mzima akilazwa, watoto wake hupimwa kwa vile anavyolala. Akikutwa ameketi, anajichotea chakula mwenyewe, wageni watarudi wakiulizana kama huyo ana watu kweli. Mgonjwa hufunikwa mpaka kidevuni, hulishwa, hugeuzwa. Hiyo ndiyo heshima, na mke wa mwanangu alinipa heshima mpaka ikanitosha. Alinilisha uji kwa kijiko na mikono yangu yote miwili ni mizima. Nikitaka kwenda choo, analeta beseni. Nikishusha mguu mmoja, anaurudisha kitandani kama mtu anayerudisha kuku kwenye kizimba.

"Mama, pumzika."

"Nimechoka kupumzika."

"Basi pumzika huko kuchoka kuishe."

Siku ya kwanza nilipojaribu kwenda choo kwa miguu yangu, magoti yalikunjika. Muuguzi ndiye aliyenidaka. Sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu alikuja usiku akachukua mapaja yangu akaniachia ya mtu mwingine.

Huyo muuguzi ndiye aliyemwita daktari wa mazoezi. Alikuwa mama wa makamo, amevaa raba nyeupe, na hakuwa na maneno mengi ya kubembeleza mashosho, yaani mabibi kama mimi.

"Shosho, leo tunaamka."

"Amka wewe. Mimi nimeambiwa nipumzike."

"Umeambiwa na nani?"

"Watu wangu."

"Na hao watu wako ndio watakubeba maisha yote?"

"Mimi sijabebwa tangu nitoke mgongoni kwa mama yangu."

"Vizuri. Keti tuanze."

Alinikalisha ukingoni mwa kiti, miguu imekanyaga sakafu, mikono nimeikunja kifuani kama mtu aliyekasirika, akaniambia nisimame bila kushika kitu. Mapaja yalikuwa yamelegea kama mkate kwenye chai. Nilisimama. Nilipotaka kukaa, akasema, "Usijitupe. Shuka polepole, kushuka nako ni kazi." Halafu nikashika chuma cha kitanda, nikainua visigino, nikasimama kwa vidole kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Akanifunga mpira mrefu, laini, nikawa nauvuta kwa mguu nao unanivuta. Nilitoka jasho, mimi niliyelala hapo nikitetemeka kwa baridi.

Alinieleza kwamba mwili wa mzee ukilala tu hupoteza nguvu haraka, na kuzirudisha kunachelewa kuliko kuzipoteza. Akasema kitanda kinakula nyama ya miguu. Nikamwuliza swali langu moja tu. "Haya yatanipandisha ngazi za kwangu?"

"Ukiyafanya kila siku, na chakula ukile. Kabla uende nyumbani tutajaribu ngazi za hapa, mimi na wewe."

Basi nikashika hilo. Kitanda cha pili alilala mama mmoja Mkikuyu, mgonjwa wa moyo, mwenye mdomo.

"Wewe shosho, unaenda kuandikwa jeshi?"

"Naenda kukufukuza wewe."

"Nifukuze polepole, moyo wangu ni wa mkopo."

Siku iliyofuata naye akamwomba daktari wa mazoezi amfundishe. Tukawa tunashika vitanda vyetu, tunainua visigino, tunatukanana. Magoti yangu yakaanza kunitambua. Nilitembea mpaka dirishani nikarudi.

Ndipo kina mama wa kanisa wakaja kuniona. Vitambaa vyeupe kichwani, chupa ya supu, kikapu cha ndizi. Walinikuta nimesimama kwa vidole, mpira mguuni, jasho usoni. Mwenyekiti wao akaweka chupa chini.

"Yesu wangu. Mama ya watu anafanyishwa kazi."

"Ni mazoezi," nikasema. "Na nimeyapenda."

"Huo ni ugonjwa unaongea," akamwambia mwenzake, na mimi niko katikati yao.

"Si unajua hizi hospitali," mwenzake akajibu. "Wanataka kitanda. Wanamsimamisha ndio waseme amepona, walete mwingine."

Wakanifungua mpira, wakanishika kwapani, wakanilaza, wakanifunika mpaka kidevuni. Mke wa mwanangu alisimama pembeni na aibu yake, kwa sababu alikuwa ameacha mama mkwe akutwe hivyo. Wakaomba kwa muda mrefu. Waliomba Mungu anirudishie nguvu za miguu, na mmoja wao alikuwa ameketi juu ya blanketi, ameibana miguu hiyo hiyo.

Kabla hata supu haijapoa walikuwa wamempigia mwanangu simu. Anafanya kazi ofisini mjini kati. Alikuja na tai yake shingoni na kile Kizungu chake, akaongea na muuguzi, akaongea na daktari wa mazoezi, na mimi nikatazamwa kama kiti kinachozungumziwa kihamishwe wapi. Daktari wa mazoezi alimjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. Akamweleza habari ya kulala na kupoteza nguvu, akamwambia mama yako anaendelea vizuri.

"Na akianguka?" mwanangu akauliza. "Utajibu wewe?"

"Nitakuwa nimemshika."

"Mama yangu hafanyishwi gwaride."

Yule daktari akanigeukia. "Shosho, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kusimama."

Mwanangu akacheka, kile kicheko kidogo cha ofisini. "Mama ni mgonjwa. Hapa naongea mimi."

Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamlipia shule kwa viazi, na kumbe kulipa kwangu kote kulikuwa ni kumnunulia mdomo wa kunifunga wangu.

Daktari wa mazoezi hakuniacha. Kila asubuhi alikuja kuniuliza kama tuamke. Mke wa mwanangu alishafika, ameketi mbele ya kitanda kama mlinzi wa benki. "Amelala," anamwambia. Macho yangu yako wazi. "Sijalala," nasema. Naye hanitazami: "Daktari, mwenye mgonjwa amekataza." Nikifungua mdomo tena, kijiko cha uji kinaingia. Mara moja nilikitema, ukamwagika shukani, akalia mbele ya wodi nzima, na wodi nzima ikanihukumu mimi.

Akienda kununua maziwa, nilikuwa nakaza paja chini ya blanketi, nabana goti kwenye godoro, naachia, nabana tena, kama nilivyoonyeshwa. Kusimama peke yangu niliogopa. Ningeanguka, ningekuwa nimewapa walichokuwa wakikitafuta.

Mama wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na wa kumkataza, aliondoka akitembea, begi lake mkononi. Akasimama miguuni pangu.

"Haya, mwanajeshi. Nifukuze sasa."

Nikakaza paja chini ya blanketi. Akaona, akanishika kidole cha mguu juu ya blanketi, akaenda.

Mimi nilitoka kwa kiti cha magurudumu. Ngazi za hospitali sikuzikanyaga. Gari lilipita njia ya Waithaka, halikuuliza Kangemi, na nilipoingia kwa mwanangu nikakuta kitanda changu kimeshatandikwa kwenye chumba cha nyuma, sufuria zangu ndani ya katoni, nguo zangu zimekunjwa na mkono wa mtu mwingine. Chumba changu kilikuwa kimeshapata mpangaji. Mwanangu aliniambia hivyo akifurahi, kama mtu anayekuonyesha zawadi.

Nimo humu mpaka leo. Sishindi na njaa na sitakosa kusema hivyo. Asubuhi, wenyewe wakishaenda kazini na wajukuu shule, nashika sinki la jikoni nainua visigino. Naketi kwenye kiti cha mezani, nakunja mikono, nasimama, nashuka polepole bila kujitupa. Kwa sasa nafika getini na kurudi. Si ngazi za Kangemi, lakini ni miguu yangu, na niliipata bila kumwomba mtu ruhusa.

Juzi Jumapili, baada ya ibada, mwanangu aliingia sebuleni haraka. Kina mama wa kanisa walikuwa getini, wamekuja kumwombea mgonjwa. Mke wake alishakimbia chumba cha nyuma kupigapiga mto ukae vizuri.

"Mama, ingia ulale kidogo."

"Nani anaumwa?"

"Mama, ni heshima tu. Waombe, wanywe chai, waende. Wakikupata hapa watasema nini?"

"Silali. Watanikuta nimesimama."

Geti likagongwa. Mwanangu akaushika mkono wangu, polepole, vile mtu anavyomshika mtoto anayetaka kulia mbele ya watu. "Mama, nakuomba. Usiniaibishe leo."

Niliutoa mkono wangu kwenye wake. Nikaachia na kiti nilichokuwa nimekishika.

"Silali. Watanikuta nimesimama."